Jibu kwa msomaji: Nitaijuaje karakana inayostahili kukabidhiwa hedi ya injini ya mashindano?

Msomaji mmoja ameuliza hivi, kwa ufupi: anajenga injini ya petroli ya lita 2, silinda nne, yenye silinda hedi ya alumini (kichwa cha injini kinachofunika silinda na kubeba valvu), kamshafti mbili na valvu 16, kwa ajili ya mashindano ya mwisho wa wiki. Anataka njia za hewa zichongwe, siti za valvu, yaani duara ambazo valvu hukalia inapofunga, zikatwe upya, kisha zifungwe springi ngumu zaidi na kamshafti zinazoinua valvu juu zaidi ya zile za kiwandani. Amepata karakana mbili. Moja iko karibu naye na inashughulikia hedi za magari ya kawaida na malori kila siku. Nyingine iko mbali, ina mashine mpya zinazoongozwa na kompyuta na inajitangaza kuwa ni ya injini za mashindano. Anataka kujua atatambuaje ipi ina ujuzi wa kweli, na kama ipo njia ya kutafuta nyingine kabla hajaamua.

Ndugu msomaji, jibu langu ni hili: tafuta karakana inayopima kabla haijakata, na inayokubali kukuandikia kile ilichopima. Mashine, jina na picha za magari ukutani vina nafasi yake, lakini vinafuata nyuma ya jambo hilo. Injini inayozunguka mara 8,000 kwa dakika hufungua kila valvu mara 4,000 katika dakika hiyo hiyo, yaani zaidi ya mara 66 kwa sekunde moja, na kila mara valvu inarudi kugonga siti yake. Kosa la milimita 0.05 ambalo katika gari la kawaida huenda lisionekane kwa miaka kadhaa, hapa hugeuka kuwa valvu iliyoungua au shina lililokatika, na shina likikatika hupotezi hedi peke yake, kwani pistoni na ukuta wa silinda navyo huenda pamoja nalo.

Katika kutafuta, usianze kwa kumuuliza mwenye gari lenye kasi kuliko yote, kwa sababu kasi ya gari hutokana na mambo mengi na mwenyewe mara nyingi hajui ni lipi lililomsaidia. Waulize mafundi wanaofunga injini lakini hawana mashine za kukereza. Watu hawa hupeleka hedi kwa wengine, na kazi ikiharibika mteja huwarudia wao, kwa hiyo hawana muda wa kumpamba fundi asiyefaa. Waulize hedi zao wanazipeleka wapi, na ni ngapi wamelazimika kuzirudisha. Waulize pia wanaoshindana kwa pikipiki, wanaofufua magari ya zamani, na mafundi wa injini za dizeli. Nawataja wa dizeli kwa makusudi: katika injini nyingi za aina hiyo kina cha valvu kutoka uso wa hedi kimewekewa kipimo kisichovukwa, hivyo fundi aliyezoea kazi hiyo amezoea pia kushika geji. Muuza vipuri ambaye huletewa maagizo ya bushi za valvu (mirija ambamo shina la valvu huteleza) zenye kipenyo cha nje kikubwa kidogo kuliko cha kiwandani naye anajua mengi, kwa sababu maagizo ya namna hiyo hutoka kwa mtu anayepima tundu kwanza ndipo anunue bushi. Chama cha wajenzi wa injini cha AERA, kilichoanzishwa Marekani mwaka 1922, huwapa wanachama wake vipimo na taarifa za kiufundi, na uanachama huo ni dalili nzuri, ingawa peke yake hauthibitishi mkono wa fundi.

Usijifunge pia kwa dhana kwamba kazi yote lazima ifanywe chini ya paa moja. Kuchonga njia za hewa ni ujuzi mmoja na kukata siti ni ujuzi mwingine, na nimewafahamu mafundi hodari sana wa siti ambao hawathubutu kugusa njia ya hewa, nao ndio niliowaamini zaidi kwa sababu hiyo hiyo. Ukigawa kazi, hakikisha wote wawili wanajua mpangilio: kuchonga kwingi kutangulie, kisha bushi, kisha siti, kwa kuwa kijiwe cha kuchongea kikiteleza mara moja juu ya siti iliyokwisha kukatwa, siti hiyo inaanza upya.

Unapofika karakana kwa mara ya kwanza, sikiliza maswali unayoulizwa. Fundi anayejua kazi hii atataka kujua kamshafti zako zinainua valvu milimita ngapi, springi utakazotumia ni zipi, gasketi ina unene gani, pistoni zina umbo gani juu, mafuta gani yatatumika, kama kuna tabo au hapana, na injini itafikishwa mizunguko mingapi. Akikubali kazi bila kuuliza hata moja kati ya hayo, anakusudia kukufanyia kile anachomfanyia kila mteja. Wewe nawe muulize maswali matatu tu. Ataacha nafasi kiasi gani kati ya shina la valvu na bushi, upande wa kuingiza na upande wa moshi? Siti itakuwa na upana gani? Atajuaje kwamba siti na bushi vina kitovu kimoja? Kwa hedi kama yako ningetarajia kusikia nafasi ya milimita 0.025 hadi 0.05 kwa valvu ya kuingizia na zaidi kidogo kwa ya moshi, kwa sababu shina la moshi hupata joto na kutanuka zaidi. Upana wa siti ungekuwa kama milimita 1 upande wa kuingiza na karibu 1.5 upande wa moshi, ambako siti ndiyo njia kuu ya valvu kutoa joto lake. Akitaja namba tofauti na kueleza sababu yake, msikilize vizuri. Akikwambia kwamba anajua kwa kutazama, mshukuru na uondoke na hedi yako.

Nitakueleza nilivyojifunza maana ya kupima. Nilimpelekea fundi mmoja mzee hedi ya alumini iliyokuwa imechemka, nikamwomba aiskimu tu, yaani akwangue uso wake kwa mashine hadi unyooke. Hakuiwasha mashine. Aliilaza hedi mezani, akaufuta uso wake kwa kitambaa chenye petroli, akasimamisha juu yake rula nene ya chuma, kwanza kwa urefu kisha kimshazari, na kila mahali akajaribu kupenyeza jani la fila geji, kipande chembamba cha kupimia nafasi, la milimita 0.05. Lilikwama kwenye ncha zote mbili, lakini kati ya silinda ya pili na ya tatu liliteleza bila kuzuiliwa. Ndipo akaigeuza hedi, akailaza kamshafti katika makalio yake, yaani mahali inapokalia na kuzungukia, akafunga vifuniko kwa mpangilio, akajaribu kuizungusha kwa vidole viwili. Ikagoma. Akaniambia kwamba hedi imepinda yote na si uso peke yake, na kwamba akiskimu uso ule nitaondoka na hedi iliyonyooka chini na iliyopinda juu, ambayo itaila kamshafti au kuivunja. Ilimbidi kwanza aifunge kwenye bamba nene la chuma, aweke vipande vyembamba chini ya ncha zake, aipashe joto kwa saa kadhaa katika tanuri na kuiacha ipoe taratibu hadi inyooke, ndipo askimu kidogo sana. Tangu siku hiyo, kila karakana ninayoingia natazama kama kamshafti inajaribiwa katika makalio yake kabla uso haujaguswa.

Kinyume chake kiliwahi kunipata pia. Karakana moja, ambayo sitaitaja, ilinirudishia hedi ikiwa na siti zinazong'aa na bushi mpya, na kila kitu kilionekana safi. Nilipopaka rangi ya bluu ya kukagulia kwenye siti na kuizungusha valvu kidogo, rangi ilishika nusu ya duara tu, umbo la mwezi mchanga, na upande wa pili ukabaki mtupu. Walikuwa wamekata siti kwanza, wakabadilisha bushi baadaye. Mashine ya kukatia siti hujiongoza kwa pini inayoingizwa ndani ya bushi, kwa hiyo bushi ikibadilishwa baada ya siti kukatwa, kitovu cha siti hakilingani tena na njia ya valvu. Walijaribu kuficha kosa kwa kusaga valvu muda mrefu kwa grisi ya msasa, jambo lililoacha mfereji kwenye uso wa valvu. Kusaga kidogo kwa ajili ya kukagua mguso hakuna ubaya katika valvu za kawaida, lakini siti iliyokatwa sawasawa haihitaji kuokolewa kwa msasa. Na kama valvu zako ni za titani au zimepakwa tabaka gumu, zisisagwe kabisa, maana tabaka hilo likitoka limetoka. Kwa hiyo omba siti ipimwe kwa geji ya saa inayozunguka juu ya pini, mbele ya macho yako ikiwezekana. Mkengeuko wa milimita 0.05 ndio mpaka ambao wengi huukubali kwa injini za kawaida; kwa injini yako omba nusu ya hapo.

Kuhusu mashine zenyewe, ni kweli kwamba zimeendelea sana. Serdi na Newen za Ufaransa pamoja na Rottler ya Marekani hutengeneza mashine ambazo hutafuta kitovu cha bushi na kukata siti bila kutikisika, na Newen inajulikana kwa kukata pembe zote kwa ncha moja ndogo inayoongozwa na kompyuta badala ya kisu kipana chenye umbo lililokwisha kuandaliwa. Kisu kipana kinapogusa siti ngumu huweza kuruka na kuacha mawimbi madogo, ilhali ncha ndogo haina nguvu kubwa ya kuusukuma mkono wa mashine. Hata hivyo nimeona siti nzuri zilizosagwa kwa mawe na mtu aliyeyanyoosha mawe yake kabla ya kila siti, na nimeona siti mbaya kutoka mashine ya gharama kubwa ambayo pini yake ilikuwa imelika. Ukiingia karakana, usishangazwe na rangi ya mashine. Tazama pini zimehifadhiwaje. Zikiwa zimepangwa kwenye sanduku kwa ukubwa unaotofautiana kwa sehemu ndogo sana za milimita, zikiwa zimepakwa oili, mwenyewe anajua kazi yake iko wapi. Zikiwa zimerundikwa kwenye kopo pamoja na bolti, umepata jibu lako.

Sehemu inayowapoteza wateja wengi ni njia za hewa na ile karatasi ya benchi la kupimia mtiririko. Harry Weslake wa Uingereza alikuwa miongoni mwa wa mwanzo kupima hewa inavyopita katika hedi badala ya kukisia, na maarifa yake yaliingia katika injini ya Jaguar XK. Tangu enzi zake hadi leo benchi hilo limekuwa chombo kizuri mikononi mwa mkweli. Tatizo ni kwamba namba yake haina maana bila shinikizo iliyopimiwa. Mtiririko hupanda kwa kipeuo cha pili cha shinikizo, hivyo futi za ujazo 150 kwa dakika zilizopimwa kwa shinikizo la inchi 10 za maji ni sawa na takriban 250 kwa inchi 28, shinikizo linalotumiwa na wengi. Mtu anaweza kukuonyesha ongezeko kubwa ambalo limetokana na kubadilisha shinikizo tu. Omba karatasi mbili, ya kabla na ya baada, zilizopimwa kwa benchi moja, shinikizo moja na valvu zilezile, zenye namba kwa kila milimita moja ya mwinuko wa valvu. Kisha usitazame namba ya juu kabisa peke yake. Valvu hupita kwenye miinuko ya chini na ya kati mara mbili, inapofunguka na inapofunga, na hufika juu kabisa mara moja tu. Hedi iliyoongezeka katikati ya safari mara nyingi huleta nguvu nyingi za kutumika kuliko ile iliyoongezeka kileleni tu.

Muulize fundi atatoa chuma wapi. Jibu ninalopenda kulisikia ni kwamba ataanza chini ya siti, ndani ya bakuli lililo nyuma ya kichwa cha valvu, na kwenye kona fupi ambapo hewa hulazimika kupinda ghafla kabla ya kuingia silinda. Hapo ndipo hedi nyingi za kiwandani zina ukingo ulioachwa na kisu, na hapo ndipo kazi ya saa chache huleta faida kubwa. Anayekwambia atapanua njia nzima kadiri gasketi inavyoruhusu anakuuzia ukubwa, na njia ikiwa pana kupita kiasi hewa hupoteza mwendo, injini ikawa nzito kwenye mizunguko ya chini bila kulipa deni hilo juu. Kung'arisha njia ya kuingizia kama kioo nako hakuongezi kitu. Uso wenye ukwaruzo mdogo unatosha, tena katika injini ambazo petroli hupitia njia hiyo ukwaruzo husaidia matone yasitambae ukutani. Upande wa moshi na ndani ya chumba cha mwako unaweza kulainisha zaidi ukitaka, maana masizi hushika kwa shida.

Uso wa hedi ukiskimiwa, uwiano wa mgandamizo hubadilika, na ni lazima fundi ajue kwa kiasi gani. Chukua silinda yenye kipenyo cha milimita 86 na ujazo wa sentimita za ujazo 500, uwiano ukiwa 10 kwa 1: nafasi inayobaki pistoni ikiwa juu ni kama sentimita za ujazo 55.6. Kama mdomo wa chumba cha mwako ungekuwa mpana sawa na silinda, kuondoa milimita 0.5 kungepunguza karibu sentimita za ujazo 2.9 na kuupeleka uwiano kwenye 10.5; vyumba vingi ni vyembamba kuliko hapo, hivyo badiliko halisi huwa dogo zaidi. Karakana nzuri haikisii, hujaza kila chumba kwa kimiminika kutoka kwenye bomba lenye vipimo, kupitia bamba la plastiki angavu, na kukuandikia namba nne. Kumbuka pia kwamba kamshafti ikisogea karibu na krankshafti, mnyororo au mkanda hulegea kidogo na majira ya kamshafti huchelewa, kwa hiyo utahitaji gia za kurekebishika. Kama gasketi yako ni ya matabaka ya chuma, uliza ulaini wa uso utakaoachwa. Gasketi hizo hutaka uso laini sana, na mashine iliyozoea kazi za gasketi za zamani inaweza kuacha mikwaruzo mirefu ambayo maji yatapitia.

Springi ni hesabu, na sipendi kuona zikifungwa bila hesabu. Siti ikikatwa, valvu huzama ndani na ncha ya shina hupanda, springi ikalegea kuliko ilivyokusudiwa na marekebisho ya tapeti yakavurugika. Kila springi inapaswa kupimwa urefu wake ikiwa imefungwa, na nguvu yake katika urefu huo, kisha ihakikishwe kwamba valvu ikiwa imeinuliwa hadi mwisho bado imebaki nafasi ya kama milimita 1.5 kabla nyuzi hazijagusana, na nafasi karibu na hiyo kati ya kofia ya springi na sili ya valvu. Nafasi kati ya valvu na pistoni, ambayo kwa kawaida huachwa isipungue milimita 2 kwa kuingizia na 2.5 kwa moshi, ni jukumu lako na la anayefunga injini. Karakana haiwezi kuijua bila bloku yako.

Unapokabidhi kazi, peleka kila kitu kwa mara moja: hedi, valvu, springi, sili, kamshafti, vifuniko vyake vikiwa na alama, gasketi ileile utakayotumia, na maagizo yaliyoandikwa. Omba hedi ijaribiwe nyufa na kuvuja kabla ya senti yoyote kutumika kwingine, kwa hewa yenye shinikizo huku ikiwa imezamishwa kwenye maji ya moto, kwa sababu nyufa za alumini hufumba zikiwa baridi na hufunguka zikiwa moto. Sisitiza pia kwamba uso usisafishwe kwa kisahani cha msasa cha mashine ya mkononi. Huacha mabonde usiyoyaona kwa jicho, na chembe zake ngumu huingia kwenye njia za oili na kumaliza beringi ndani ya muda mfupi.

Siku ya kuchukua kazi, usiikimbize nyumbani. Omba upimaji wa ombwe kwa kila njia ukiwa umesimama hapo, au mimina mafuta ya taa katika njia za hewa na za moshi, valvu zikiwa zimefungwa, kisha utazame upande wa chumba cha mwako kwa dakika kadhaa; pakitokea unyevu kwenye ukingo wa valvu yoyote, hedi inabaki karakana. Toa vizibo vya njia za oili, vipulizwe, na upitishe kitambaa cheupe ndani.

Kati ya karakana zako mbili, siwezi kuchagua nikiwa mbali, ila nakushauri uanze na ile iliyo karibu. Nunua hedi iliyochakaa ya injini kama yako, uwape waweke bushi nane na kukata siti za silinda mbili tu, pamoja na karatasi ya vipimo. Wakikupa karatasi, na rangi ya bluu ikazunguka duara zima, wape kazi ya siti na uso, na njia za hewa uipelekee ile ya mbali baada ya kuona karatasi zake mbili za mtiririko. Wakikataa kuandika, ipelekee karakana ya mbali hedi hiyo hiyo ya majaribio, silinda mbili zilizobaki, kabla hujaifungua ile unayotarajia kushindana nayo.